Land Rover Series III imegoma kuwaka? Anza na ethi

Wenye Land Rover Series III za petroli, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, wengi hukimbilia duka la spea mara injini inapokataa kuwaka. Leo koili, kesho plagi, na gari bado limelala. Mfumo wake wa umeme ni mfupi na unaonekana kwa macho. Ufuate kuanzia kwenye betri.

Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi. Halafu weka mita kati ya nguzo hasi na chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikipita nusu volti, ethi ni mbovu: fungua waya wake, kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, kisha kaza. Hata taa hafifu na geji zinazochezacheza mara nyingi huponea hapo.

Stata ikizunguka vizuri lakini injini haishiki, chukua testa ya balbu. Ncha moja iguse ethi, nyingine iguse upande wa koili unaokwenda kwenye distribyuta. Piga stata. Balbu ikiwaka na kuzima, pointi zinafanya kazi. Ikiwaka bila kuzima, pointi hazigusani au ni chafu. Isipowaka kabisa, pima upande wa pili wa koili. Ukikosa umeme na hapo, angalia swichi na waya wake. Ukiupata, chomoa waya wa distribyuta kwenye koili na upime tena mahali ulipoanzia. Balbu ikiwaka sasa, umeme ulikuwa unavujia ndani ya distribyuta, na wa kwanza kushukiwa ni washa ndogo za plastiki za pointi, ambazo ni rahisi mno kupangwa vibaya. Isipowaka, koili ndiyo imekufa.

Usiache swichi wazi muda mrefu injini ikiwa imezimwa; koili huchemka.

Pointi zisugue kwa msasa laini, uzifute, kisha zungusha injini mpaka zifunguke kabisa na upime nafasi: milimita 0.35 hadi 0.40. Zikiwa zimeungua, upande mmoja shimo na mwingine kichuguu, badilisha pamoja na kondensa. Ile kondensa ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi vizuri usiitupe, maana mpya nyingi za siku hizi hazidumu.

Nafasi ya pointi ikibadilika, taiming nayo husogea, kwa hiyo ipange upya kabla ya kufunga boneti.