FAHAMU SHERIA: Kabla ya Kuomba Kutangazwa Muflisi

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mitumba sokoni. Sacco inamdai Sh350,000, na wanachama wenzake watatu ndio waliomdhamini. Pikipiki ina deni la Sh120,000 na logibuku iko kwa mkopeshaji. Muuzaji wa jumla anamdai Sh90,000, na mikopo ya simu imefika Sh40,000. Jumla ni Sh600,000, na kibanda hakitoi hata kodi ya nyumba. Rafiki amemshauri aandikishe kipande chake cha shamba kwa jina la kaka yake, kisha aende kortini aseme hana kitu.

Asithubutu. Kushindwa kulipa deni si jinai, lakini kuficha mali katika kesi ya kufilisika ni kosa, na mahakama inaweza kuirudisha mali hiyo ili wadai walipwe.

Sheria inasema nini

Suala hili liko chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Si kazi ya ofisi za kaunti. Amri ya kumtangaza mtu muflisi hutolewa na Mahakama Kuu, kwa ombi la mdai au la mdaiwa mwenyewe. Mali husimamiwa na Mpokeaji Rasmi, afisa wa Serikali ya Kitaifa aliye chini ya Idara ya Usajili wa Biashara (BRS), au na mdhamini wa ufilisi aliyeteuliwa.

Amri ikitolewa, wadai wasio na dhamana hawawezi tena kukufuata mmoja mmoja. Lakini mali yako huondoka mikononi mwako, isipokuwa vitu kama zana za kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani, kwa kiwango kinachoruhusiwa. Aliyeshika hatimiliki au logibuku kama dhamana bado ana haki juu ya mali hiyo. Muflisi ambaye hajaondolewa hali hiyo hawezi kuchaguliwa mbunge wala mwakilishi wadi.

Kwa kawaida, hali hiyo huisha miaka 3 baada ya muflisi kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, ikiwa hakuna pingamizi. Anayechelewesha taarifa anachelewesha pia kuhesabiwa kwa miaka hiyo.

Jitayarishe hivi

1. Andika kila deni. Taja unayemdai na anayekudai, kiasi, tarehe na dhamana. Usiache deni la chama, la duka wala la jamaa. Kampuni za taarifa za mikopo (CRB) zinapaswa kukupa ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Itumie kukumbuka mikopo ya simu uliyoisahau.

2. Andika kila mali. Shamba, mifugo, hisa za Sacco, pesa ulizokopesha watu. Usiuze kwa bei ya kutupa wala kugawia jamaa. Usimlipe pia mdai mmoja unayempenda ukawaacha wengine.

3. Acha kukopa. Mkopo unaochukua ukijua huwezi kuulipa utakugeukia.

4. Mwambie mdhamini mapema. Wewe ukiondolewa madeni, mdhamini wako haondolewi. Wale wanachama watatu wa Sacco wataendelea kudaiwa. Heri wasikie kutoka kwako kabla ya kukatwa akiba zao.

5. Jua yasiyofutwa. Fedha za matunzo zilizoamriwa na mahakama na madeni yaliyotokana na ulaghai hubaki palepale.

Njia nyingine

Kabla ya kufika huko, zungumza na wadai kuhusu kuongeza muda wa kulipa. Sheria pia inaruhusu mapatano ya hiari na wadai, yanayosimamiwa na mtaalamu wa ufilisi aliyeidhinishwa, na malipo ya awamu kwa wenye madeni madogo.

Asiye na mali yoyote ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa chochote, na ambaye madeni yake ni kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni, anaweza kumwomba Mpokeaji Rasmi amwingize katika utaratibu wa wasio na mali. Sharti asiwe amewahi kufilisika wala kuutumia utaratibu huo. Kwa kawaida huachiliwa baada ya miezi 12.

Mama wetu ana shamba, kwa hiyo utaratibu huo haumfai. Linalomfaa kwanza ni kwenda Sacco na wadhamini wake, akiwa na orodha yake kamili mkononi, aombe mpango mpya wa malipo. Wakikubaliana, huenda shamba likapona. Wasipokubaliana, orodha hiyohiyo ndiyo atakayoanzia kutayarisha taarifa ya kuambatanisha na ombi lake katika Mahakama Kuu.

Kabla ya kutia sahihi hati yoyote, tafuta ushauri wa wakili. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.