Tatu Iliyo Ndani ya Matatu

Mimi hutoka Ruiru kila asubuhi kwa matatu kuja shule hapa Thika. Siku moja, tulipofika Juja, mwenzangu wa darasa alisema kwa sauti kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochakaa tu, eti sisi Wakikuyu tunajisumbua bure kukisoma, si chetu. Abiria walicheka. Nilikosa la kusema. Kumbe jibu tulikuwa tumelikalia!

Wazee husimulia kwamba zamani nauli ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi, zile zenye tundu katikati. Kwa Kikuyu ni mang'otore matatũ. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalum, yakazidi kuenea pamoja na jina lake. Wasemaji wa Sheng nao wakalitafsiri nusu: mathree!

Sasa itazame hiyo tatu. Sisi husema watu watatu. Nyanya yangu husema andũ atatũ, na Mkamba vilevile. Mganda husema abantu basatu, na Mzulu huko Afrika Kusini, mbali kote huko, abantu abathathu. Mwarabu husema thalatha. Hiyo ni jamaa ya thelathini yetu, lakini na tatu hawajuani kabisa.

Nakubali kwamba rafiki yangu hakukosea yote. Sita, saba na tisa zilitoka kwa Waarabu. Lakini Waswahili wa kale walikuwa na neno lao la tisa, nalo ni kenda, na katika kamusi bado limo. Jioni nilimwuliza nyanya tisa huitwaje kwa Kikuyu. Alijibu huku akichambua maharagwe, bila hata kuinua kichwa: "Kenda." Nilishtuka kama mtu aliyeona picha ya babu yake ukutani kwa jirani. Nane pia ni yetu. Wakikuyu huiita inyanya, na nne ni inya, basi hesabu mwenyewe.

Kesho yake nilimwomba yule mwenzangu ahesabu kwa Kikuyu, hapo hapo kwenye matatu. Alianza kwa madaha. Alipofika kenda nilimwonyesha kamusi. Aliisoma, akaisoma tena, mpaka makanga akatugonga begani akitaka nauli.