SOMO: MTOTO NA KISHIKWAMBI



Mnamkumbuka karani wa sensa ya mwaka 2022? Alipita nyumba kwa nyumba huku kwetu Karagwe na Kyerwa. Hakuandika kwa kalamu. Aligusa kioo cha kishikwambi kwa kidole, na majibu yetu yakaingia. Baada ya sensa, Serikali iligawa vishikwambi hivyo kwa walimu.

Je, mtoto mdogo naye anaweza kukitumia? Tujifunze.

Kompyuta hungoja kuagizwa. Leo tutazame njia tatu za kuiagiza.

1. Kibodi. Huu ni ubao wenye vitufe vya herufi. Asiyejua herufi hawezi kuandika nao.

2. Kipanya. Cha kwanza kilitengenezwa kwa mbao huko Marekani, mwaka 1964. Ukikisukuma mezani, mshale hutembea kwenye kioo. Ni kama kuangua parachichi kwa mti mrefu: mkono uko chini, jicho liko juu. Mtoto mdogo hupata tabu.

3. Kidole. Hapa jicho na mkono viko mahali pamoja, kama kuchuma kahawa. Ndiyo njia rahisi kwa mtoto. Lakini akiegemeza kiganja kwenye kioo, chombo huchanganyikiwa. Mfundishe kugusa kwa kidole kimoja.

Tutazame Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Vilichajiwa kwa nguvu ya jua. Wengi wao hawakuwa wamekwenda shule. Zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Kumbe mtoto wa kijijini anaweza! Lakini nusu nyingine je? Chombo peke yake hakitoshi.

Sisi wazazi tuna makosa mawili. Wengine tunamchapa mtoto akigusa simu. Wengine tunamwachia kutwa nzima ili anyamaze. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo. Basi tukae naye. Tumwulize: "Herufi hii inaitwaje?" Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani twajua thamani ya swali hilo.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini kidole ni rahisi kuliko kipanya?
2. Je, nyumbani kwako nani hukaa na mtoto anaposhika simu?