SOMO LA KAZI: NATI ILIYOBAKI JUU YA GUNIA



Somo letu la safari hii ni juu ya kazi wanayoifanya wenzetu wengi kila wiki: kufungua injini ndogo, kuitengeneza na kuifunga tena. Tunasema juu ya injini ya mashine ya kukata majani shambani na kwenye viwanja vya kiwanda, ya pampu ya maji bustanini, ya chigayo kinachosaga mihogo hapa Mantapala na kule Kashikishi, na ya mtumbwi wa Ziwa Mweru. Zinatofautiana kwa ukubwa na kwa mafuta, lakini ugonjwa mmoja unazipata zote. Injini imefungwa, imepanguswa, inang'aa, na juu ya gunia imebaki nati moja, au washa, au springi ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi.

Hapo utamsikia mtu akisema, "Hiyo ni ya ziada." Ndugu, aliyeiunda injini hakuweka kitu cha ziada. Kila kipande kilitiwa kwa sababu, na kila kipande kililipiwa.

1. Kidogo kwa macho, kikubwa kwa kazi

Tutazame mifano minne.

Kwanza, kii. Ni kipande cha madini chenye umbo la nusu mwezi, hakizidi kucha ya kidole. Kinakaa kati ya kranki na lile gurudumu zito lenye sumaku, ili vizunguke pamoja bila kuachana. Sumaku ndiyo inayoleta moto wa plagi, kwa hiyo kii ndicho kinachoshika saa ya moto. Kikisahauliwa au kikikatika, gurudumu linateleza na moto unakuja si wakati wake. Injini inakataa kuwaka, au inapiga kinyume na kuirudisha kamba kwa nguvu, ikamuumiza mtu kifundo cha mkono. Wengine huweka msumari badala ya kii. Hilo ni kosa. Katika mashine nyingi za kukata majani kii ni cha madini laini kwa makusudi, ili kisu kikigonga kisiki, kikatike chenyewe na kranki ipone. Msumari haukatiki. Utaokoa bei ya kii na kununua kranki.

Pili, kibano cha pini ya pistoni. Ni waya mdogo uliopindwa kama pete, unaokaa kwenye mfuo wake. Usipokuwepo, pini inatoka kidogo kidogo na kuchana ukuta wa silinda. Kibano kilichokwisha kutolewa kimelegea, kisirudishwe. Kiwekwe kipya.

Tatu, washa ya bolti ya kumwagia oili. Injini kama Honda GX160, inayotumika katika pampu nyingi, inabeba oili kiasi cha lita 0.6 tu, yaani chupa mbili ndogo za soda. Tone moja moja kutoka asubuhi si jambo dogo kwa injini yenye oili kidogo hivyo. Oili ikiisha, pistoni inashikana na silinda, na injini nzima imekufa kwa ajili ya washa moja.

Nne, kiungo cha gavana. Injini nyingi za namna hii zimewekewa mpaka wa mizunguko 3,600 hivi kwa dakika. Kiungo kikiachwa nje, hakuna wa kuizuia. Injini inapanda mwendo hata mkono wa pistoni unaweza kuvunjika, na kisu kinachozunguka kupita kiasi ni hatari kwa miguu ya anayeisukuma na kwa mtu aliye karibu.

Tukumbuke pia kwamba kusahau ni kwa namna mbili: kuacha nje kinachotakiwa ndani, na kuacha ndani kinachotakiwa nje. Tambara lililobaki ndani ya mlango wa hewa ni sawa na nati iliyobaki juu ya gunia.

2. Kwa nini fundi husahau

Tusidhani kwamba wanaosahau ni wavivu au wajinga. Hata mafundi wa ndege, wenye vyeti na vitabu, yamewafika.

Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya shirika la Eastern, yenye injini tatu, iliondoka Miami, Marekani, kwenda Nassau ikiwa na watu 172. Usiku wa kuamkia siku hiyo mafundi walibadili katika kila injini kifaa kidogo kinachonasa chembe za chuma ndani ya oili. Vifaa hivyo vilitakiwa kuwa na pete za mpira. Vikafungwa bila pete. Ndege ikiwa angani, oili ikavuja katika injini zote tatu. Moja ilizimwa, nyingine mbili zikazimika zenyewe juu ya bahari. Marubani walifaulu kuiwasha tena ile ya kwanza, wakarudi Miami, na hakuna aliyekufa. Wachunguzi waliuliza ilikuwaje. Walikuta kwamba mafundi walizoea kupewa vifaa hivyo vikiwa tayari vimevikwa pete. Usiku ule vilitoka stoo bila pete, na mkono uliozoea haukutazama.

Tarehe 11 Septemba 1991 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ndege ndogo ya Continental Express ilianguka karibu na Eagle Lake, Texas, na watu wote 14 waliokuwemo wakafa. Skrubu 47 za bawa la mkia zilikuwa zimefunguliwa na zamu ya jioni. Kazi haikumalizika, zamu ya usiku haikuelezwa vya kutosha, na skrubu hazikurudishwa.

Katika mambo hayo mawili tunaona maadui wetu wenyewe: mazoea, kupokezana kazi bila maelezo, na haraka. Hapa kwetu tuongeze mengine mawili. La kwanza ni giza. La pili ni lugha. Mantapala, tangu makazi yalipofunguliwa mwaka 2018, fundi kutoka Katanga anaita bujii kile ambacho mwenzake aliyejifunza Kiingereza anakiita plagi, na mwenye mashine anazungumza Kibemba. Msaidizi akiambiwa jina asilolijua, ataitika "ndiyo" kwa heshima na kuacha kitu nje. Kwa hiyo usitaje jina tu. Shika kipande mkononi, mwonyeshe, na mwonyeshe mahali pake.

3. Utaratibu wa kufuata

(a) Kabla ya yote toa waya wa plagi na uuweke mbali. Injini isiweze kuwaka mkono ukiwa ndani.

(b) Tandika gunia safi au kitambaa cheupe. Nati ikianguka kwenye mchanga wa Nchelenge, umeipoteza.

(c) Panga vipande kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa utaratibu uleule vilivyotoka. Wakati wa kufunga, anza na cha mwisho kulia na urudi kushoto. Trei ya mayai inafaa sana: kila tundu hatua moja.

(d) Bolti za kifuniko kimoja haziwi na urefu mmoja siku zote. Chora umbo la kifuniko juu ya katoni, toboa matundu, na uchomeke kila bolti mahali pake.

(e) Hesabu na uandike. "Kifuniko, bolti 6, washa 6." Asiyejua kuandika achore vijiti.

(f) Ukiitwa katikati ya kazi, maliza hatua uliyo nayo, kisha funga kitambaa chekundu kwenye mpini wa kamba ya kuwashia. Maana yake: haijakamilika, asiiguse mtu. Ukirudi, rudi nyuma hatua tatu na uzikague kwa mkono.

(g) Zamu zikipokezana, anayetoka amwonyeshe anayeingia, mbele ya mashine, na karatasi ibaki pale pale.

(h) Kabla ya kurudisha waya wa plagi, zungusha injini polepole kwa mkono na usikilize. Tazama gunia. Kama kuna kitu kimebaki, fungua tena. Usikitie mfukoni.

(i) Wenye injini mbili au tatu wasizifunge zote kwa siku moja bila kuijaribu ya kwanza. Kosa la mkono mmoja hurudiwa kwa zote, kama kwenye ile ndege ya Miami.

Wavuvi nao wana nafasi yao. Uvuvi unapofungwa, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, injini za mitumbwi zinapumzika. Huo ndio wakati wa kuzifungua bila haraka na kukagua hata pini ya panga boi. Pini ikikosekana ziwani usiku, hakuna duka.

4. Wajibu si wa fundi peke yake

Tumewaona wenzetu waliolazimishwa kufunga injini kwa mwanga wa tochi, bila spea, huku msimamizi amesimama na saa, na injini ilipoharibika wakakatwa mshahara. Chama hakikubali. Fundi awe na bidii na ukweli, lakini mwajiri atoe mwanga, meza, spea halisi na muda wa kutosha. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Tangu mwaka 2022 mkataba huo unahesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya kazi.

Nasi wenyewe tusimcheke anayesema, "Nimeona nati, sijui ni ya wapi." Mficha uchi hazai. Akichekwa leo, kesho ataitupa nati kichakani, na mguu utakaoumia utakuwa wa mwingine. Mwakilishi wa tawi amlinde mtu wa namna hiyo mbele ya msimamizi, kwa kuwa ameokoa mashine.

Maswali ya kujadiliana katika tawi

1. Katika kazi yenu, zamu inayotoka inaiachia zamu inayoingia maelezo gani?
2. Taja vipande vitano vidogo vya mashine unayoitumia, na useme kila kimoja kinafanya kazi gani.
3. Je, yuko mwenzetu aliyekatwa mshahara kwa ajili ya spea? Andikeni tarehe na kiasi, mkamkabidhi katibu wa tawi.
4. Nani katika tawi ataleta trei ya mayai na kitambaa chekundu wiki hii?