SOMO: MKANDARASI WA MWANACHAMA ALIYE NG'AMBO

Ndugu Makatibu,

Katika ukaguzi wa chama kimoja hapa Mchikichini nilikuta shauri la mwanachama aliyeko Maskati. Alituma fedha za nyumba, fundi akamrudishia picha. Jalada lilijaa picha. Stakabadhi haikuwamo hata moja.

Mwanachama wa namna hiyo na ahakikishe kwanza jina la mkandarasi na daraja lake katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya 1997. Madaraja ni 7.

Malipo yafuate kazi iliyopimwa, si iliyosimuliwa. Mita moja ya mraba ya ukuta hula matofali ya saruji 9 au 10 ya inchi 18 kwa 9. Basi ukuta wa mita za mraba 60 hauzidi sana matofali 600. Hati ikidai 900, fedha zisitoke mpaka yahesabiwe.

Mpimaji asiwe ndiye mpokeaji wa fedha, hata akiwa ndugu wa damu (hapa ndipo wengi huona haya). Na sehemu ya mwisho ya malipo izuiwe, kwa mkataba wa maandishi, hadi paa lipitiwe na masika.