Maswali Aulizwayo Baharia Kabla ya Kuandikwa Kazi

Kijana atakaye kuandikwa kazi katika meli hapana budi ahojiwe kwanza. Wengi hudhani kwamba kikwazo cha siku hiyo ni mavazi, au Kiingereza. Mavazi safi yatosha, wala hapana haja ya kuazima suti. Kiingereza chatakiwa, maana ndicho lugha ya kazi katika meli nyingi zenye mabaharia wa mataifa mbalimbali. Lakini kinachotakiwa ni kile cha kufahamu amri na kuijibu kwa maneno machache. Mwenye kuhoji hutafuta hasa kujua kama mtu huyu, akiwa mbali na nchi kavu, atawaletea wenzake salama au hatari.

Hati zako ziwe tayari: pasipoti, kitabu cha baharia, cheti cha daktari ambacho hakikupita miaka 2, na vyeti vya mafunzo ya msingi yatakiwayo na mapatano ya mataifa ya mwaka 1978, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa nafsi yako na wa wenzako. Mjini Mombasa mafunzo hayo hutolewa katika Bandari Maritime Academy. Tazama tarehe za kila cheti mapema.

Maswali mengine ni mepesi kwa aliyejifunza. Taa nyekundu ya meli iko upande wa kushoto, ya kijani upande wa kulia. King'ora cha hatari ni milio mifupi 7 au zaidi, ikifuatwa na mlio mmoja mrefu. Mtu akianguka baharini, piga kelele, mtupie boya, kisha umwelekezee mkono usimwondoe machoni hata kidogo, kwani kichwa cha mtu hupotea upesi kati ya mawimbi.

Lakini liko swali moja ambalo limewaangusha vijana wengi wenye moyo mwema. Huulizwa hivi: "Umemkuta mwenzako amelala chini ya tangi, hasemi. Utafanya nini?" Kijana hujibu upesi kwamba atashuka kumwokoa. Jibu hilo ni la ushujaa, nalo ni kosa kubwa.

Hewa tuivutayo ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika 100. Katika tangi lililofungwa siku nyingi, kutu huila oksijeni hiyo kidogo kidogo, wala hakuna harufu ya kumwonya mtu. Hata chumba cha mnyororo wa nanga, kisichowekwa shehena yoyote, chaweza kuua kwa njia hiyo. Ashukaye bila kifaa cha kupumulia huanguka juu ya mwenzake, na wa tatu hufuata. Mara nyingi maiti wanaotolewa ni wa waokoaji. Basi jibu ni kwamba hutaingia: utapiga king'ora, utamwita ofisa, na utangoje mlangoni mpaka waje wenye vifaa. Ukiulizwa sababu, ieleze habari ya kutu na hewa, maana mwenye kuhoji ataka kujua kama umefahamu au umekariri tu.

Usiongeze miezi ya kazi ambayo hukuifanya. Kitabu cha baharia chaonyesha siku ya kupanda meli na siku ya kushuka, na uongo wa namna hiyo hugunduliwa kabla chai haijapoa. Asiyepata kupanda meli na aseme hivyo, kisha ataje kazi ya mikono aijuayo: uvuvi, ufundi wa mashine, au upishi.

Kuna jambo jingine. Wakala akikudai fedha ili akupatie kazi, ondoka. Mapatano ya kazi za mabaharia ya mwaka 2006, ambayo Kenya iliyakubali mwaka 2014, yakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama ziwezazo kuwa zako ni za pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari. Ukiwa na shaka juu ya wakala, uliza Kenya Maritime Authority kabla ya kutoa pasipoti yako.

Nawe pia una haki ya kuuliza. Uliza jina la meli na mwenyewe, mshahara kwa mwezi, muda wa mkataba, na nani atakayelipa nauli ya kukurudisha nyumbani. Kisha uombe mkataba uusome kabla ya kutia sahihi.