Namba ya Siri ni ya Mama, Si ya Mjukuu

Mdogo wangu wa Makambako, ujumbe wako nimeupata. Umemnunulia mama aliyeko Njombe simu janja, naye kaifunga kwenye kitenge, kaitia sandukuni, anaendelea na kitochi chake. Unauliza umlazimisheje.

Usimlazimishe. Niambie kwanza, hicho kitochi anakitumia mwenyewe? M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, lakini mpaka leo wapo wazee wanaofika kwa wakala, wanamkabidhi simu pamoja na namba ya siri, kisha wanakaa kwenye benchi kusubiri hela. Wengine wamemwachia mjukuu. Na huko kwetu, ambako bibi wengi wanalea wajukuu, unakuta mtoto wa darasa la sita ndiye benki ya nyumba! Mnunuzi wa viazi akituma hela, wa kwanza kujua ni mtoto.

Basi anzia hapo. Jumamosi panda gari uende (usiniletee visingizio, Makambako na Njombe ni kama saa moja tu), keti naye jikoni karibu na moto, mpe simu, mikono yako itie mfukoni. Kama laini yake ni ya Voda, abonyeze *150*00# mwenyewe. Atasoma taratibu, na menyu itakatika kabla hajamaliza. Hapo ndipo wazee wengi wanapokata tamaa, wakidhani wameharibu simu ya watu. Mwambie mapema kwamba itakatika na ataanza upya. Mtumie elfu mbili, akurudishie elfu moja. Kabla hajaweka namba ya siri, asome kwa sauti jina la anayemtumia. Matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" wanawala wasiosoma hilo jina. Meseji ya namna hiyo ikija, aipeleke 15040, namba ya TCRA ya kuripoti matapeli. Na wakala haombi namba ya siri. Mteja anaibonyeza mwenyewe hata anapotoa pesa.

Simu janja itakuja. Mwanzoni itamsumbua, maana vidole vilivyozoea jembe, tena na baridi yetu ya Juni, kioo hakivisikii. Viote moto kidogo, na maandishi uyakuze. Halafu mwonyeshe kitu kimoja tu: kushikilia alama ya kipaza sauti kwenye WhatsApp na kuongea. Hakuna kuandika, na Kibena kinapita vizuri kabisa. Akishasikia sauti ya mjukuu aliyeko Dar, bando ataliulizia mwenyewe.

Usimcheke akikosea, na usimpokonye simu eti umuwahishie. Na kabla hujaondoka, hakikisha amebadilisha ile namba ya siri ambayo nyumba nzima inaijua. Wakati anaandika mpya, geukia pembeni. Hata wewe, mdogo wangu, haikuhusu.